Aseme Halafu Alale Wapi? Mama na Siri za Ukoo Katika Filamu na Riwaya za Uganda

Kibanda cha video tulichokuwa tukienda utotoni pale Busia, upande wetu wa Uganda, kilikuwa na mabenchi sita, kuta za mabati, na blanketi mlangoni ili mwanga usiingie na asiyelipa asichungulie. Filamu ya usiku huo ilikuwa ya Kinigeria, ila hakuna aliyekuwa akiwasikiliza Wanigeria. Tulikuwa tukimsikiliza VJ, yule mtafsiri ambaye sauti yake hurekodiwa juu ya sauti za wahusika, akaeleza kwa Kiganda, akatania, akakemea, na mara nyingi akajua mengi kuliko filamu yenyewe. Kijana alikuwa amemleta mchumba nyumbani. Mama mtu akamtazama yule binti, sahani ikamponyoka. Haijafika chini, VJ kesharopoka: "Huyo binti ni mtoto wake! Alimzaa akiwa shuleni akamwacha! Na kijana hajui!"

Kibanda kizima kikaanza kumpigia mama kelele. Sema! Sema basi! Nyuma yetu alikuwa amekaa mwanamke mtu mzima aliyekuwa akiuza muhogo wa kukaanga pale nje, ambaye mwenye kibanda alimruhusu aingie bure biashara ikipoa. Akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Aseme halafu alale wapi?"

Nimesoma riwaya nyingi na kutazama filamu nyingi tangu siku ile, na sijapata swali linalozifungua vizuri kama lile la mama muhogo.

Maelezo tuliyoyazoea ni mepesi. Mama huficha kwa aibu, au huficha kwa mapenzi. Mabango ya filamu huuza hivyo na sina ugomvi nayo. Aibu ipo, na mapenzi yapo. Lakini maelezo hayo hayatuambii kwa nini siri yenyewe ni ile ile karibu kila mara, yaani mtoto huyu ni wa nani, wala kwa nini mshika siri awe mama. Ili fundo hilo lifunguke, tuiache filamu kidogo twende kwenye ukoo.

Nitaitumia Buganda kwa sababu riwaya zetu zinazojulikana zaidi zimetoka huko, ingawa kwetu Samia, na kwa Basoga, na kwa Waacholi, kanuni ni moja: mtoto ni wa kwa baba yake. Buganda ina koo zaidi ya 50. Kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama, ndege, samaki au mmea ambao wanaukoo hawali, na una hazina yake ya majina. Mtoto hupewa jina kutoka hazina ya ukoo wa baba. Mgeni akilisikia jina hilo anakujua wewe ni nani, na wewe unajua huruhusiwi kumwoa nani, utapewa ardhi ya nani, utazikwa wapi, na ni marehemu gani unaweza kurithi nafasi yake. Mambo yote hayo yananing'inia kwenye jambo moja ambalo baba hakuliona kwa macho yake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukoo ni wa baba, ushahidi uko kwa mama. Hapo ndipo fundo lilipofungwa, na lilifungwa kabla mwandishi yeyote hajashika kalamu.

Si kwamba ukoo haukujaribu kujihakikishia. Kuna mila ya Kiganda iitwayo okwalula abaana, ya kuwatambulisha watoto kwenye ukoo. Kitovu cha mtoto kilichokauka na kudondoka kilikuwa kikihifadhiwa, na siku ya siku kinatumbukizwa kwenye chombo chenye maji au pombe mbele ya jamaa. Kikielea, shangwe: mtoto ni wetu. Kikizama, mama ana la kujibu. Wazee wakilisimulia hili huchekea mkononi na kuongeza kwamba kitovu kilichopakwa siagi hakizami. Ukikumbuka ni nani aliyekuwa akikitunza kitovu hicho tangu siku kilipodondoka, utaelewa wanacheka nini.

Miaka hii chombo cha maji kimekuwa maabara. Mwaka 2023 redio na magazeti ya Kampala yalijaa habari za wanaume wanaopima DNA za watoto wao, mpaka Wizara ya Afya ikatoa maonyo kuhusu maabara zisizoidhinishwa, na jina la maabara ya serikali ya Wandegeya likawa mzaha wa mtaani. Mwenye kutunga filamu alikuwa hana haja ya kutafuta kisa; kilikuwa kimeegeshwa mlangoni.

Waswahili wa Pwani walikuwa na njia nyingine ya kulimaliza. Walisema kitanda hakizai haramu. Nikiwa shule niliisikia methali hiyo kama utani wa watu wazima, kumbe ni uamuzi wa kisheria uliokatwa kwa maneno matatu, na unakaribiana sana na kanuni ya Kiislamu kwamba mtoto ni wa kitanda alichozaliwa. Aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, basi, tusichimbe. Jamii imeamua kutouliza. Na palipo na baba anayekataa uamuzi huo, hadithi inaanza: katika *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976, baba anaitazama rangi ya ngozi ya mwanawe na kumshuku mkewe, na shaka ile moja inatosha kuyachoma maisha ya mama na ya binti. Mama wala hakuwa na siri. Alishukiwa kuwa nayo tu.

Sasa rudi kwenye swali la muhogo. Mwanamke aliyeolewa analala kwa mumewe, analima shamba la ukoo wa mumewe, na ana heshima pale kwa sababu ya watoto aliouzalia ukoo huo. Akitamka kwamba mmoja si wao, au kwamba kabla ya kuja pale alizaa kwingine, hasemi habari ya zamani tu. Anakivuta kitanda alichokalia. Hata hesabu ya mali imo: sheria ya mirathi ya Uganda, kwa mtu aliyekufa bila wosia, huwapa watoto 75% ya mali, na marekebisho ya 2022 hayakuigusa sehemu hiyo. Kuwa au kutokuwa mtoto wa marehemu ni suala la kiwanja, nyumba na ng'ombe. Ndiyo maana ninapowasikia wachambuzi wakisema mama fulani wa kwenye riwaya ni mwongo, huwa natamani wangeanza kwa kuuliza nyumba ni ya nani.

Kuna mama wa pili katika hadithi hizi, naye ni yule asiyekuwepo. Mtoto analelewa na jaja, yaani bibi, kijijini, anapendwa, anashiba, ila kila akiuliza mama yangu yuko wapi watu wazima wanakumbuka kwamba kuna kuku hawajafungiwa. Riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi, *The First Woman*, ya 2020, inaanzia hapo hapo: binti aitwaye Kirabo, miaka 12, kijijini Nattetta mwaka 1975, Idi Amin yuko madarakani, na yeye ana swali moja tu maishani. Anakwenda kwa kificho kwa mwanamke kipofu ambaye kijiji kinamwita mchawi amsaidie kumtafuta mama. Nilipoisoma mara ya kwanza nilingojea lile kumbatio la mwisho ambalo filamu zimetuzoesha. Makumbi hakunipa. Mama yule alipata mimba akiwa mwanafunzi, ana maisha mengine sasa, na huyo binti hana mlango katika maisha hayo.

Niliikasirikia sura hiyo kama wiki nzima. Baadaye nikakumbuka jinsi jambo lenyewe lilivyo la kawaida kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikuta kwamba msichana 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 alikuwa ameshazaa au ana mimba. Msichana wa shule akizaa, mara nyingi mtoto anapelekwa kwa wazazi wa mvulana, maana ndio ukoo wake, au anabaki kwa bibi mzaa mama na kukua akimwita bibi "mama" na mama "dada". Msichana anatafutiwa shule nyingine, mbali. Akija kuolewa, anaolewa kama asiyewahi kuzaa. Hapo siri haikutungwa na mama hata kidogo. Ilitungwa na watu wazima waliomzunguka akiwa na miaka 15, nao walidhani wanamwokoa. Yeye alikabidhiwa tu aibebe mpaka kaburini.

Mtaani kwetu alikuwepo kijana aliyeyajua haya mbele ya karani. Uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulipoanza mwaka 2014, fomu ilitaka jina la baba, jina la mama, kabila, ukoo. Alikwenda na huyo aliyemwita dada yake mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na cheti chake cha ubatizo. Karani akakisoma cheti, akamtazama dada, akauliza, "Kwa hiyo mama ni wewe?" Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, watu nyuma wanasukumana. Dada akasema ndiyo. Karani akaandika, akapiga muhuri, akaita anayefuata. Ningekuwa mtengeneza filamu ningeipiga picha foleni ile bila kuongeza neno.

Nimekuwa nikisema mama, mama, kana kwamba baba hana lake. Anazo siri, tena nyingi, ila zina kalenda yake. Nimeangalia hadithi zetu na nimeona hivi: siri ya baba hufichuka matangani, siri ya mama hufichuka siku ya kwanjula. Sababu yake ni ya kiutaratibu kabisa. Baba akifa, ukoo unakaa kuhesabu watoto na kumweka mrithi, na ndipo anapoteremka kwenye bodaboda mwanamke asiyejulikana na vijana watatu wenye paji la uso la marehemu. Kwanjula nayo, ile sherehe ya mchumba kutambulishwa kwa wazazi wa binti, ina kipengele cha kutaja koo. Wa ukoo mmoja hawaoani. Wasemaji wa pande zote mbili hupigana vijembe na watu wakacheka, lakini chini ya vicheko kuna ukaguzi, na mama aliyemwandikia mtoto ukoo usio wake anausikiliza ukaguzi huo akiwa ameketi mkekani na vazi lake jipya la gomesi. Kwa hiyo kisa cha wachumba wanaogundua kwamba ni ndugu, ambacho watu husema tumeiga kwa Wanigeria au kwa Wafilipino wa kwenye runinga, kina mizizi ya hapa hapa. Tumeiga muziki wa huzuni tu.

Makumbi huyo huyo anaijua kalenda ya matanga. Hadithi yake fupi *Let's Tell This Story Properly*, iliyoshinda tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014, inamfuata mjane anayeleta maiti ya mumewe kutoka Manchester na kukuta kwamba Uganda kuna mjane mwingine, yule ambaye marehemu alisema walishaachana. Na tazama anayekuja kuirekebisha habari: wanawake. Kwetu kusimulia ni kazi ya kina shangazi. Ssenga, dada wa baba, ndiye kwa mila humfundisha binti mambo ya ndoa na mwili, na ndiye anayejua nani alizaliwa na nani. Ni wa ukoo wa baba lakini ni mwanamke. Amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Kwenye filamu zetu ssenga amebaki mchekeshaji mwenye kifua kikubwa na maneno ya chumbani. Ni hasara. Huyo ndiye mhusika mwenye funguo zote.

Kuna na siri anazofichwa mama mwenyewe. Riwaya nyingine ya Makumbi, *Kintu*, iliyotoka Nairobi mwaka 2014 kabla ya kufika Marekani na Uingereza, inafunguka Bwaise mwaka 2004 kisha inarudi mpaka 1750, kwa Kintu Kidda, mtawala wa Buddu. Mkewe Nnakato amemlea Kalema, mtoto wa mgeni Ntwire, mama mzazi akiwa amekufa. Amemlea kama wake. Safarini kuelekea ikulu Kintu anampiga kofi kijana huyo, na kijana anakufa. Anazikwa haraka haraka, vibaya, na Kintu anarudi nyumbani akiwa amefunga mdomo. Mama analea kumbukumbu ya mtu anayedhani yu hai. Katika nyumba hiyo hiyo Nnakato ana pacha wake, Babirye, ambaye naye ameolewa na Kintu, na watoto anaowazaa Babirye wanahesabiwa kuwa wa Nnakato. Babirye anawaona wanawe kila siku wakimwita mwingine mama. Sijui riwaya nyingine ya hapa kwetu iliyoweka siri mbili zinazopingana chini ya paa moja namna hiyo: mmoja ana watoto asiowazaa na hajui kwamba aliyemlea amekufa, mwingine amewazaa na haruhusiwi kuwaita wanangu.

Hapa riwaya na filamu zinaachana njia, na tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya watu wanaposema riwaya ilikuwa nzuri, filamu imeharibu, au kinyume chake.

Filamu haina mahali pa kuiweka siri isipokuwa kwenye kitu au kwenye uso. Ndiyo sababu ya sahani zinazoponyoka, picha zilizokatwa nusu, kovu begani, barua chini ya godoro. Vikitumiwa vibaya vinachosha. Vikitumiwa vizuri vinasema jambo ambalo mama hatalisema kamwe. Katika *Queen of Katwe*, filamu ya Mira Nair ya 2016, Lupita Nyong'o ni Harriet, mama wa Phiona Mutesi bingwa wa sataranji. Binti anataka kusoma usiku na mafuta ya taa hakuna, na mama anakwenda kuuza nguo ya thamani aliyoachiwa na mama yake. Hatangazi. Siri za aina hii, za mama kuficha bei ya kitu, haziitwi siri na hazina sherehe ya kufichuliwa, lakini nadhani ndizo zilizo nyingi kuliko zote majumbani mwetu.

Riwaya ina muda. Inaweza kukuambia siri ukurasa wa 50 kisha ikakuacha ukae nayo kurasa 400. Katika *Kintu* msomaji anajua tangu sehemu ya kwanza Kalema alikufaje. Wajukuu wa wajukuu hawajui. Miaka 250 inapita, watu wanaugua, wanajiua, wanakimbilia makanisani, mapacha wawili wa nyumba ya walokole wanazaa mtoto pamoja na nyumba inalifunika jambo hilo kwa sala, na wewe unasoma ukitamani kumshika mtu bega. Makumbi amemfanya msomaji kuwa VJ aliyenyang'anywa kipaza sauti.

Na mama wa riwaya si lazima apendeke. Moses Isegawa, katika *Abyssinian Chronicles*, iliyotoka kwanza kwa Kiholanzi mwaka 1998, alimpa mama wa msimuliaji jina la utani ambalo kwa Kiswahili ni Kufuli. Aliwahi kuwa mtawa, na ukali aliufungasha akaja nao kwenye ndoa. Filamu nyingi zingemlazimisha Kufuli apige magoti dakika ya 90, alie, aombe radhi, tumsamehe twende nyumbani. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika filamu za siri za kifamilia: zinamdai mama machozi kama ushuru wa kutoka ukumbini, na hazimdai baba hata senti.

Jambo la mwisho ni lugha, na hili naliona kwa sababu ya nyumba niliyokulia. Baba Msamia, mama Mlugbara wa Arua. Lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili, kwa kuwa ndicho walichokutana nacho. Kiswahili kilikuwa cha chakula, cha viboko, cha mzaha. Lakini mama mdogo alipokuja kutoka Arua, wakishateremsha sufuria, wanaanza Kilugbara, na hapo ndipo mambo yenyewe yalipopita. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo polepole kuliko ilivyohitajika. Nilishika majina ya watu, na neno moja moja, na kimya kati ya maneno. Katika nyumba nyingine za Uganda ni kinyume: wazazi wakitaka watoto wasielewe huhamia Kiswahili, lugha ya askari na wafanyabiashara. Kila nyumba ina lugha yake ya kabati.

Waandishi wetu wanaoandika kwa Kiingereza wamelijua hilo. Makumbi anaacha maneno ya Kiganda bila tafsiri, mfano kweluma, la wanawake kugeukiana na kung'atana wenyewe badala ya kumng'ata anayewabana. Msomaji wa London anasimama pale nilipokuwa nikisimama mimi, sahani mkononi. Filamu nazo zinaweza kufanya hivyo kwa urahisi zaidi, zikimwacha mama aongee lugha ambayo mwanawe haielewi na kutotuwekea maandishi chini ya picha. Wachache wamethubutu. Soko linataka kila neno lifike.

Ile filamu ya kibandani hatukuimaliza. Mama alikuwa ameshafungua mdomo, VJ amenyamaza kwa mara ya kwanza usiku ule, na jenereta likaishiwa petroli. Tulikaa gizani tukibishana alichokuwa akienda kusema, wengine wakiapa walikwisha kuiona Mbale na kwamba alikana, wengine kwamba alikufa papo hapo kwa presha. Mwenye kibanda alikataa kurudisha pesa. Nimeitafuta filamu hiyo ukubwani bila kuipata, maana VJ alikuwa ameipa jina lake mwenyewe la Kiganda na lile la Kinigeria hakulitaja. Mama muhogo alikuwa ameshatoka zamani, jenereta likiwa bado linanguruma. Tulipofika nje tulimkuta anapuliza jiko lake.